Ufukweni Mimi, Ziwani Wewe

Hotelini, ufukweni
Jumapili, tarehe 7

Mpishi Mkuu, mke wangu mpenzi,

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwako, kwa watoto, na kwa ndugu na jamaa wote walio karibu na mbali, kwamba leo asubuhi, mbele ya mashahidi wa kutosha, mumeo alikabidhiwa rasmi tikiti maji lililochongwa umbo la bata. Bata huyo alikuwa na shingo, mabawa, na macho ya mbegu. Nilisimama wima. Mhudumu akainamisha kichwa. Nami nikainamisha changu, miwani ikatumbukia kwenye maziwa. Hafla ilifungwa kwa amani na hakuna aliyejeruhiwa isipokuwa bata.

Hizo ndizo habari za huku. Sidhani kama huko kwako kuna cha kushindana nazo.

Nakuandikia kwa kalamu kama enzi za uchumba kwa sababu hapa, ukifika tu mapokezi, wanakunyang'anya simu. Wanaitia kwenye mfuko laini, wanafunga utepe, wanakwambia ni kwa ajili ya kupumzisha akili. Niliwaambia akili yangu haijawahi kufanya kazi kiasi hicho. Hawakucheka. Hapa hawacheki, mke wangu, wanatabasamu tu, tena wote kwa pamoja.

Na huko kambini kwako mtandao haufiki. Basi leo nilipotea nikitafuta choo, nikatokea jikoni, nikamkuta dereva wa gari la samaki. Kumbe samaki tunaowala hapa, na bahari tunaiona kwa dirisha, wanatoka kwenye ziwa lako! Anashusha mzigo jioni, alfajiri anarudi huko. Nimemwomba awe posta yetu, akakubali. Karatasi ikinuka, usinisingizie.

Bado najicheka. Miaka ishirini na tano ya ndoa, mimi nikajifanya mjanja, nikalipia hoteli hii kwa siri, watu wawili, wiki nzima. Wewe ukajifanya mjanja kunizidi, ukalipia kambi ya ziwani kwa siri, watu wawili, wiki hiyo hiyo. Tukafunuliana zawadi mezani, na kote kuwili fedha hairudi. Watu wazima wangerusha sarafu. Sisi tukabishana siku tatu, kila mmoja anadai yeye ndiye anayemtakia mwenzake mema, mpaka binti yetu akachoka akasema, "Basi kila mtu aende kwake!" Mtoto alikuwa anatania. Sisi tukafunga mizigo.

Mapatano unayakumbuka: atakayeshindwa kwanza amfuate mwenzake. Mimi sijashindwa. Kitanda changu ni kipana hata nikijiviringisha mara tatu sidondoki. Kuna mito ya kichwa ya aina nne, na karatasi ya kukueleza ni upi wa kulalia ubavu. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kukunja taulo tu. Njoo uone.

Mumeo asiyeshindwa,
Fundi Bomba

*

Kambini, kando ya ziwa
Jumatatu, tarehe 8

Baba Watoto,

Barua imefika, na kweli inanuka. Mpe pole bata.

Huku hakuna wa kukunja taulo kwa sababu taulo lenyewe unaanika juu ya jiwe, upepo unalichukua, unalifukuza. Nimelifukuza mara mbili leo. Hema langu limesimama kwenye mawe, kitanda ni turubai na vyuma, na ukigeuka kinalia kama mlango wa stoo ya shule. Bafu lina kuta tatu za matete. Ukuta wa nne ni ziwa. Unaoga huku unatazamana na ndege wenye miguu mirefu, na wao hawana aibu hata kidogo.

Nimelala kama mtoto.

Sasa nisikilize. Jana nilikula chakula cha hapa nikanyamaza. Mpishi ni kijana mwema, lakini maharage anayachemsha kama anayaadhibu. Leo uvumilivu ukaniisha, nikajikuta nimeingia jikoni, nimeshika mwiko, namwelekeza moto. Akatokea Kocha, dada mmoja mwenye mabega kama kabati, ndiye anayefundisha watu kuogelea hapa. Akanipokonya mwiko mkononi.

"Mama, umekuja kupika au umekuja kupumzika?"

Nikasema nasaidia tu.

"Ukiwa nyumbani unapikia watu wangapi?"

Nikamwambia shule nzima, mia sita na kitu.

"Na likizo?"

"Mume na watoto."

Akauweka mwiko juu kabisa ya rafu nisipofika. "Vua viatu," akasema, "twende majini."

Baba Watoto, miaka yote hii tukienda kwenye maji, iwe mto, iwe bwawa, iwe bahari, mimi ndiye nakaa ukingoni. Mnanipa saa zenu, suruali zenu, viatu vyenu, soksi zenye mchanga. Mimi ni kabati la watu. Mkitoka mna njaa, mimi ni jiko. Sijalalamika, na sasa silalamiki, nakueleza tu. Leo nimeingia mpaka kiunoni. Kesho Kocha anasema kifuani.

Kuna mwamba katikati ya maji, mbele ya kambi, unaonekana kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Jumamosi asubuhi, saa nne, kila mgeni anayetaka anaogelea mpaka pale. Mtumbwi unawafuata pembeni. Nimejiandikisha.

Sikuiti. Mapatano ni mapatano. Ila kama mtu angekuwa ana nia ya kuona, Jumamosi saa nne ndiyo siku yenyewe.

Mkeo,
Mpishi Mkuu (likizoni)

*

Hotelini
Jumanne, tarehe 9

Mke wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimelala kwenye kiti cha kamba chini ya mwavuli, na mtu wa taulo akanipepea bila kuombwa. Nadhani alinionea huruma, nilikuwa natoa sauti.

Wewe? Majini? Wewe uliyekuwa unayapima kwa kiwiko maji ya kumwogesha mtoto, halafu unayapima tena, halafu unaniita nami niyapime? Mwaka ule kwenye bwawa la mjomba si wewe uliyepiga kelele kwa sababu chura alikutazama? Mpe salamu Kocha, mwambie jasiri ni yeye.

Mimi huku mambo yanazidi kunyooka. Uongozi umenihamishia chumba kingine, kikubwa zaidi, chenye roshani inayotazama bahari, bila kuniongezea hata senti. Hadhi ya mtu huonekana, mke wangu, hata akivaa kaptura. Meneja mwenyewe alibeba begi langu. Alikuwa na haraka kidogo, lakini alibeba.

Jana jioni kulikuwa na muziki wa taratibu, mishumaa, na samaki mmoja katikati ya sahani kubwa kama sinia, amewekewa jani moja juu. Nilimaliza kabla mhudumu hajamaliza kunieleza ninachokula.

Na huo mwamba, utazame tu kwa mbali. Kuna watu wameumbwa kuogelea, wengine wameumbwa kuwashangilia. Njoo huku, bwawa la hapa lina upande wa watoto, maji hayafiki magotini. Kuna na kiti chako, hakijakaliwa na mtu.

Wako wa roshani,
Fundi

*

Kambini
Alhamisi, tarehe 11

Baba Watoto,

Barua niliipata jana. Niliacha ipoe kwanza.

Hongera kwa roshani.

Chura yule hakunitazama tu, alinirukia, na wewe ulikuwepo na ulikimbia kabla yangu. Tuyaache hayo.

Mafunzo yanaendelea vizuri. Sasa naelea chali, masikio ndani ya maji, natazama juu, na kwa mara ya kwanza sisikii mtu akiniita. Kwa kifudifudi bado kidogo. Kocha anasema miguu yangu ina ubishi, nikamwambia imetoka familia ya wabishi na ikaolewa kwenye nyingine. Upepo umekuwa mkali siku mbili hizi, mawimbi ya ziwa ni mafupi, yanakupiga kofi la uso kila unapotaka kuvuta pumzi. Nimekunywa maji kiasi cha kutosha kupikia wali wa darasa moja.

Dereva anaendelea vizuri. Gari lake likifika huwa naenda kumsalimia.

Jumamosi ni kesho kutwa. Saa nne. Sina zaidi.

Mkeo

*

Hotelini
Ijumaa, tarehe 12

Mke wangu,

Nimeona barua yako imekuwa fupi, na saini imekuwa fupi zaidi. Naelewa, mikono imechoka na kupiga maji.

Ningependa sana kufika hiyo kesho, lakini bahati mbaya ratiba imebana. Nimealikwa kwenye chakula cha jioni cha wageni maalumu, meza ya meneja, na itakuwa utovu wa adabu kukataa. Halafu kuna suala la mapatano. Nikija mimi, nitakuwa nimeshindwa, na wewe utalisema jambo hilo mbele ya wajukuu ambao hata bado hatuna.

Nakutakia kila la heri. Maji yakizidi, rudi. Hakuna atakayekucheka. Mimi sitakuwepo.

Mumeo,
Fundi

*

Kambini
Jumamosi, tarehe 13, mchana

Baba Watoto,

Nimefika.

Nakuandikia nywele zinachuruzika, ukiona wino umetambaa ni maji ya ziwa. Nimefika kwenye mwamba, kwa mikono yangu na kwa miguu yangu mibishi. Tuliingia watu saba, na mzee mmoja wa kustaafu alitupita wote kama mashua. Mimi nilikuwa wa mwisho, na sijali. Mwamba una joto, una uvimbe uvimbe, na juu yake pana harufu ya ndege. Nilikaa pale nikatazama kambi ilivyo ndogo. Hema langu lilikuwa kama kidole. Nilipiga kelele, sijui hata nilisema nini. Ng'ambo ya pili watu walipiga makofi. Kurudi tulirudi na mtumbwi wote, ndio utaratibu.

Barua yako ilinifikia asubuhi, dakika chache kabla. Sikukasirika. Niliikunja nikaitia mfukoni mwa gauni, gauni nikampa mpishi wa kambi anishikie. Mara yangu ya kwanza kumpa mtu kitu anishikie.

Natumaini chakula cha meza ya meneja kitakuwa kitamu. Mimi nitabaki huku mpaka siku zangu ziishe. Mapatano yetu tuseme tumetoka sare.

Mkeo,
aliyefika

*

Jumamosi, tarehe 13, alasiri

Mke wangu mpenzi,

Barua yako nimeipata haraka kuliko zote. Dereva hakuhitaji hata kuwasha gari. Alizunguka nyuma ya jiko la kambi, akanipa, akasema, "Mzee, sasa mimi nimechoka na nyinyi."

Nipo hapa. Upande wa kuni, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mpishi wako wa maharage amenipa chai. Nitakueleza ilivyokuwa, yote, na sitatia chumvi.

Meza ya meneja haikuwepo. Meneja hawezi kunialika popote. Siku ya kwanza nilisikia bomba la bafuni linadondosha, tii, tii, tii. Unajua siwezi kulala na sauti ile. Nikalifungua kwa sarafu na ncha ya mkasi wa kucha bila kufunga koki kuu, mimi, fundi wa miaka thelathini, ninayewagombeza vijana kazini kwa kosa hilo hilo. Maji yalinipiga kifuani yakanikalisha chini. Yalitoka chini ya mlango, yakashuka ngazi, yakaenda kuwasalimia watu wa harusi ukumbini. Ndiyo maana nilipewa chumba kingine, na ndiyo maana meneja alikimbia na begi langu. Lilikuwa linavuja.

Hoteli ni nzuri, hapo sikudanganya. Kila kitu kipo. Lakini kila mlo wananipeleka kwenye meza ya watu wawili, kwa sababu nililipia watu wawili, halafu mhudumu anakuja taratibu anaondoa sahani ya pili, uma wa pili, glasi ya pili, na ananitabasamia. Asubuhi, mchana, jioni. Siku ya tatu nilimwambia aiache. Nikawa nakula natazamana na sahani tupu, naiambia vichekesho. Nayo haikucheka.

Barua ya kukataa niliiandika jana jioni nikiwa nimevimba kichwa, na sababu ya kwanza ilikuwa kiburi, hiyo unaijua. Ya pili huijui. Niliogopa. Niliogopa kusimama ukingoni nimeshika nguo zako huku wewe uko mbali na mimi siwezi kufanya lolote. Kazi hiyo umeifanya miaka yote na mimi sikuwahi kuuliza inafanywaje.

Alfajiri nilimpelekea dereva barua. Akaiangalia, akaniangalia.

"Ndani umesema unakuja?"

"Hapana."

"Mzee, nikwambie kitu. Mama yule gari likifika anakuja kunisalimia. Ananisalimia vizuri kabisa. Halafu anazunguka upande wa pili, anachungulia kiti cha abiria. Kila mara. Halafu anasema, 'Haya, safari njema.'"

Nikapanda, na suruali niliyovaa. Barua alikuwa ameshaitupia mbele kwenye dashibodi, na mimi sikuikumbuka, nilikuwa napanga maneno ya kukwambia. Njiani tukamkuta bibi mmoja mgonjwa wa goti, nikampisha kiti, nikahamia nyuma kwenye masanduku matupu ya barafu. Bibi alishuka kabla ya ziwa, lakini mimi sikujua. Nilikuwa nimelala usingizi wa pono, mdomo wazi, juu ya sanduku la samaki.

Kilichoniamsha ni sauti yako. "Haya, safari njema." Nikainua kichwa, nikachungulia kwenye tundu la turubai. Ulikuwa umezunguka upande wa abiria. Kiti kilikuwa kitupu. Barua ulikuwa umeshaisoma, dereva alikupa kwa mazoea, akanificha kama nilivyomwomba njiani ili nikutokee mwenyewe, na mimi nilikuwa mita mbili tu nyuma yako nikiwa na magamba kwenye ndevu. Ningeita. Nikaanza kwanza kung'oa magamba. Niliona unavyoikunja, pembe kwa pembe, kama unavyokunja nguo za watoto. Ukaenda kwenye maji.

Nikashuka nikajificha nyuma ya jiko. Mpishi akanikuta, akainua mwiko kunipiga. Nikamwambia, "Mimi ni mume wake." Akanitazama, akanusa, akasema, "Mume wa nani?" Nikakuonyesha kwa kidole. Ulikuwa umeshaingia.

Sasa sikia, Mama Watoto. Umeandika kwamba ulifika kwa mikono yako na miguu yako, na ni kweli. Lakini hukuandika yote, na mimi nilikuwepo.

Ulienda vizuri mpaka karibu na nusu. Halafu upepo ukaja. Nikakuona unapiga maji bila kusogea, kichwa kinazama, kinatoka, kinazama. Kocha akakuvuta mkono, wakakupandisha mtumbwini. Nilikuwa nimeshavua kiatu kimoja, na mpishi kanishika mkanda, ananiambia, "Mzee, wewe unajua kuogelea?" Sijui kuogelea, mke wangu. Miaka yote nimekuwa nikisimama sehemu zinazoishia kifuani, napiga kelele nyingi.

Uliinama mtumbwini, unakohoa. Nikasema basi, imekwisha, watamrudisha, na mimi nitatokea na blanketi, nitamwambia pole, nitakuwa mume mwema. Nakuambia ukweli, kuna kipande cha moyo wangu kilifurahi. Nilikuwa nimeshapata kazi.

Ukainua mkono, ukamwambia Kocha kitu. Akatikisa kichwa. Ukamwambia tena. Huo mkono naujua, ndio unaowaonyesha wauza mboga wakikupandishia bei. Halafu ukakaa ukingoni mwa mtumbwi, ukatumbukiza miguu, na ukashuka majini tena.

Mara ya kwanza ukiingia hujui kinachokungoja. Mara ya pili ulikuwa unajua kila kitu, maji yalikuwa bado puani mwako, mtumbwi ulikuwa mkavu na hakuna aliyekusukuma. Ukashuka. Ukaenda mkono mmoja, mkono mwingine, vibaya kabisa, bila mtindo wowote, mpaka ukaushika ule mwamba kama mtu anayeshika mguu wa mdeni wake.

Kwa nini uliificha hiyo, mimi sielewi. Ndiyo iliyonikalisha chini.

Uliporudi watu walikuzunguka, ukawa unacheka mdomo wote, na sikutokea. Nilitaka, lakini ningetokea mimi pale, nanuka samaki, na kiatu kimoja, watu wangeanza kucheka habari zangu. Nikaona acha leo wacheke nawe.

Basi, nimeshindwa. Hakuna sare. Nimekufuata mimi, kwa hiari yangu, juu ya masanduku ya barafu, na hilo liambie kila mtu.

Mpishi anasema nimemchosha. Tangu saa nne anakatakata vitunguu hapa, na mimi kila akiinua kichwa namwonyesha upande wa maji, namwambia, "Yule ni mke wangu."

"Ulishasema, mzee."

Nikamwambia tena.

Mumeo,
niko nyuma ya jiko